Ijaza, Ubao na Wino: Mafunzo ya Walimu Katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Msamiati wa elimu unaosikika leo katika pwani ya Kilwa na Lindi unabeba ndani yake historia ya walimu waliopita hapo. Maneno mwalimu, darasa, elimu na kuhitimu yana asili ya Kiarabu. Shule limetokana na Kijerumani. Na chuo, ambalo katika Kiswahili cha kale lilikuwa na maana ya kitabu, likaja kuwa jina la mahali ambapo kitabu hicho kinasomwa. Hata hivyo, mafunzo ya ualimu huzungumzwa mara nyingi kana kwamba yalianza siku mkoloni alipofungua milango ya madarasa yake, na kwamba kabla ya hapo mtu alikuwa mwalimu kwa sababu tu alijua kusoma. Ushahidi wa pwani hii hauungi mkono dhana hiyo.

Ibn Battuta alipofika Kilwa Kisiwani mwaka 1331 alikuta mji wa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, wenye kusifika kwa uchamungu, ukitawaliwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, na ambaye katika baraza lake waliketi masharifu waliotoka Hijazi na Iraki. Khabari za Kilwa zilizoandikwa baadaye zinasimulia kuwa sultani huyo, kabla ya kutawala, alikaa Aden miaka miwili akisoma, ndipo akaenda kuhiji. Kwa mwanachuoni wa Kilwa safari ya namna hiyo ilitegemea pepo za msimu: kusi ilimpeleka Uarabuni, naye akasubiri kaskazi imrudishe. Kujiendeleza kielimu kulikuwa na ratiba yake, na ratiba hiyo hakuipanga mtu.

Kiungo cha mfumo wa elimu hiyo kilikuwa ijaza, yaani idhini ambayo shehe humpa mwanafunzi wake aliyesoma kitabu fulani mbele yake hadi mwisho, ili naye aweze kukisomesha kwa wengine. Ijaza haikumfanya mtu kuwa mwalimu wa kila kitu, kwa kuwa ilihusu kitabu alichokisoma na ilimtaja aliyemsomesha, na aliyemsomesha huyo naye, mpaka kumfikia mtunzi. Kwa hiyo mwalimu aliyetaka kufundisha zaidi hakuwa na budi kurudi kuketi chini kama mwanafunzi. Ndiyo maana darasa za msikitini, ambamo shehe alifafanua matini ya fikihi kifungu kwa kifungu, zilihudhuriwa pia na watu wazima waliokuwa walimu katika mitaa yao, na hakuna aliyeona haya kwa hilo.

Ngazi ya chini ilikuwa chuo cha watoto, ambacho Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mwenyewe aliyewahi kuwa mwalimu wa Kurani, alikieleza katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa mwaka 1903. Mtoto aliandikiwa kwenye ubao kwa wino na kalamu ya tete, akaanza alifu kwa kijiti, akahijai, yaani akatamka herufi pamoja na irabu zake moja baada ya moja, na alipolimudu somo lake ubao ulioshwa ukaandikwa somo jipya. Wino ulikuwa wa aina ambayo maji huuondoa, na sifa hiyohiyo ndiyo iliyowezesha aya iliyoandikwa kwa ajili ya mgonjwa kuoshwa na kunywewa, dawa iitwayo kombe. Wageni waliopita karibu na chuo walisikia makelele ya watoto wakiimba pamoja wakahukumu kuwa kilichomo ni kukariri tu, na hukumu hiyo imerudiwa katika vitabu vingi kuliko inavyostahili. Walichokosa kukiona ni kwamba kila mtoto alikuwa na somo lake juu ya ubao wake, akasonga mbele kwa kasi yake mwenyewe, na kwamba wakubwa waliwasomesha wadogo, hivyo kabla mmoja wao hajawa mwalimu alikuwa amekwisha kujaribiwa katika kazi hiyo kwa miaka kadhaa chini ya jicho la mwalimu wake. Fimbo zilikuwapo pia, tena hazikuwa chache; hilo halifai kufichwa.

Katika karne ya 19, Kilwa Kivinje ilipokuwa bandari kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu kusini, na Lindi ikikua kwa misafara hiyohiyo, elimu hii ilibaki zaidi kuwa ya watu wa mjini. Ilianza kusambaa bara baada ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, vita vilivyoanzia katika Vilima vya Umatumbi nyuma ya Kilwa, ambavyo mwanachuoni wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini, alivitungia utenzi. Wamwera, Wamakonde na Wayao waliokuwa wamesoma kidogo pwani walirudi vijijini wakawa walimu, na tarika, yaani jumuiya za kisufi kama Kadiria zilizokusanya watu kwa dhikri, ziliwapa mahali pa kuegemea. Elimu ya mwalimu wa namna hii ilikuwa haba, lakini hakuachwa peke yake, kwa maana alikuwa na shehe wa kumrudia. Wajerumani walihisi nguvu ya mtandao huo mwaka 1908, barua iliyodaiwa kutoka Maka iliposambaa Lindi na kuwatia hofu watawala.

Wajerumani wenyewe walikuwa wamefungua shule za serikali pwani katika miaka ya 1890, Tanga ikitangulia, na Kilwa na Lindi zikiwa miongoni mwa miji iliyopata shule hizo. Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia, na walimu Waafrika waliandaliwa Tanga kisha wakatawanywa. Lengo halikuwa ualimu hasa, bali kupata makarani na maakida, na kijana mwenye mwandiko mzuri hakukaa darasani muda mrefu kabla ya kuitwa bomani. Upande wa misheni mambo yalikuwa mengine kidogo: Waanglikana waliofika Masasi mwaka 1876 waliwategemea walimu waliosomeshwa Kiungani, Unguja, na Wabenediktini waliojenga Ndanda mwaka 1906 walifungua shule za vijijini chini ya makatekista. Askofu Vincent Lucas wa Masasi alifika mbali zaidi, akalichukua jando na kulitia sura ya Kikristo, kwa kutambua, pengine bila kulisema hivyo, kwamba makungwi na mangariba walikuwa walimu wenye mbinu zao za nyimbo, mafumbo na michezo, ambazo shule haikuwa nazo.

Waingereza, waliotawala Tanganyika baada ya Wajerumani, walileta wazo moja linalostahili kutajwa. Katika shule za watu weusi wa kusini mwa Marekani, mfuko uliotokana na fedha za Anna T. Jeanes wa Philadelphia ulilipa walimu wa kuzungukia shule za vijijini na kuwasaidia wenzao papo kwa papo, na mwaka 1925 chuo cha kuwaandaa walimu wa aina hiyo kilianzishwa Kabete, Kenya. Wazo lilisifiwa sana kote Afrika Mashariki. Kusini mwa Tanganyika halikuacha alama kubwa.

Wazo hilo lilirudi kwa jina lingine baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka elimu ya msingi kwa wote, maarufu kama UPE, ifikiwe mwaka 1977. Vyuo vya ualimu havikuweza kutoa walimu kwa kasi hiyo, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa wakiwa kazini kwa miaka mitatu, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na usimamizi wa waratibu wa elimu wa kata. Makumi ya maelfu ya walimu nchini walipatikana kwa njia hiyo. Watani waliibadili UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu", dhihaka iliyowaonea, kwa sababu kasoro haikuwa kusomea kazini, ambako ndiko pwani ilikosomea siku zote, bali kupungua kwa mtu wa kuwafikia. Katika Mkoa wa Lindi, uliomegwa kutoka Mtwara mwaka 1971, hilo lilikuwa na sababu ya wazi: hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika barabara ya kusini ilikatika, hata mwalimu wa kijiji cha ndani aliweza kumaliza muhula bila kumwona mkufunzi.

Mwaka 2014 Lindi iliingizwa katika mpango wa EQUIP-Tanzania uliofadhiliwa na Uingereza, uliowafundisha walimu wa madarasa ya mwanzo mbinu za kusoma, kuandika na kuhesabu, na sasa mafunzo yanafuata MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo humtaka mwalimu akutane na wenzake shuleni katika jumuiya ya ujifunzaji, wajadili somo lililowashinda na kulijaribu upya. Walimu kuketi pamoja na kusomeshana si jambo geni Kivinje wala Lindi mjini. Lakini mtoto wa huko anayekwenda shule asubuhi na chuoni alasiri ana walimu wawili, na MEWAKA inamhesabu mmoja tu.