Uzuiaji wa matangazo katika LineageOS
Uzuiaji wa matangazo katika LineageOS ni kuikatia simu njia ya kufikia seva zinazoleta matangazo na kufuatilia mienendo ya mtumiaji. LineageOS, mfumo huria wa uendeshaji uliozaliwa Desemba 2016 mtangulizi wake, CyanogenMod, ulipofungwa, umejengwa juu ya msimbo wa Android lakini hauji na programu za Google. Mwenye simu akitaka, hupata mamlaka ya juu kabisa ya mfumo. Programu ya AdAway huyatumia kuandika majina ya seva hizo kwenye faili ya hosts, inayooanisha majina ya seva na anwani zake, na kuyaelekeza 127.0.0.1, yaani simu yenyewe. Tangazo halifichwi baada ya kupakuliwa. Haliombwi kabisa, hivyo bando haliliwi. Google iliiondoa AdAway kwenye Play Store mwaka 2013, sababu tosha ya kutoiachia uamuzi wa kuzuia matangazo kampuni inayoishi kwa matangazo hayo.

Wapo wanaosema kufungua mamlaka hayo hudhoofisha usalama. Ni kweli, lakini tangu Android 9 ya mwaka 2018, mpangilio wa DNS ya faragha (DNS ni huduma inayotafsiri majina ya seva kuwa anwani) huweza kuielekeza simu kwenye seva inayochuja majina hayo bila kufungua chochote. Njia zote mbili hushindwa tangazo linapotoka kwenye seva ileile ya maudhui, kama YouTube. Pingamizi zito zaidi ni kipato cha wachapishaji, kwani faili ya hosts haibagui tovuti inayostahili kuungwa mkono. Hata hivyo, tangazo ambalo gazeti limeliweka kwenye seva yake lenyewe, bila mfuatiliaji wa nje, hupita bila kuguswa.