Mshahara wa Kapera

Wasifu wa marehemu unaposomwa mazishini nchini Kenya, hasa wa mzee aliyefanya kazi reli au bandarini, kuna sifa isiyokosekana: alikuwa mchapakazi na aliipenda familia yake. Hutajwa mwaka alioajiriwa, mwaka aliostaafu, kisha mke, watoto na wajukuu. Sifa hiyo mara nyingi ni ya kweli. Ila inavyosomwa, uchapakazi na mapenzi kwa jamaa huonekana kama tabia mbili alizozaliwa nazo mtu, zikakaa pamoja maisha yake yote bila kugombana. Historia ya ajira za mjini inasema vingine. Katika sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni, kazi iliyomlisha mzee huyo ilipangwa kana kwamba hana mke wala mtoto. Kila alichowatendea watu wake alikipata kwa kushindana na mpango huo, na tukimsifu bila kuutaja ushindani wenyewe tunampunja haki yake.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Wengi wa waliotandika mataruma waliletwa kutoka India, lakini baadaye kazi nyingi za kupakia na kupakua, kuchochea moto wa gari moshi na kutunza njia ziliwaangukia Waafrika. Kilichowatoa nyumbani ni kodi. Kodi ya nyumba ilidaiwa kwa fedha taslimu, na mwenye wake wawili wenye nyumba mbili alilipia zote mbili. Hapo ndipo pa kupatazama vizuri. Serikali ilipokuja kudai, iliihesabu familia ya mtu huyu hadi mlango wa mwisho. Alipokwenda kulipwa, alihesabiwa peke yake. Mshahara ulikadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja: unga wake, blanketi lake, mahali pake pa kulala. Kuanzia takriban 1920 alilazimika pia kutembea na kipande, yaani kitambulisho chenye alama za vidole vyake, wengi wakikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Nairobi, wafanyakazi wa reli walijengewa landhi kama zile za Muthurwa, safu za vyumba visivyotosha mtu kulea watoto, na mara nyingi wanaume kadhaa waliishi chumba kimoja.

Waajiri walikuwa na hoja yao, na haifai kuipuuza. Walisema mfanyakazi ana shamba kwao, mkewe analima, watoto wanakula huko, kwa hiyo hakuna sababu ya kumlipa chakula ambacho tayari anacho. Kwa hesabu ya juu juu inaeleweka. Lakini maana yake ni kwamba jembe la mwanamke wa Nyanza au Ukambani ndilo lililoziba pengo la mshahara wa bandari na reli. Alimlisha mtoto ambaye kesho angekuwa kuli, akampokea mzee aliyechoka na asiye na pensheni, na hakuna daftari la kampuni lililoandika jina lake. Ndiyo maana naona wasifu wa baba unaomtaja mama kwa jina tu, bila kusema alilima nini na aliuza nini, una kasoro ya historia pamoja na ile ya adabu.

Ushahidi ulio bora zaidi wa ushindani huo, kwa maoni yangu, unatoka kwa mtu aliyeitwa mvivu. Gati za Mombasa kwa miongo mingi ziliendeshwa na vibarua walioajiriwa kwa siku. Meli ikija walikwenda, siku ikiisha walilipwa, na kesho yake hawakulazimika kurudi. Maofisa walilalamika sana kwamba watu hawa hawana nidhamu, kwamba wanafanya kazi siku chache za mwezi kisha wanapotea. Lakini walipotelea wapi? Wengi wa Wamijikenda walirudi mashambani nyuma ya pwani, kwenye mahindi na minazi, kwa wake na watoto wao. Kibarua cha siku kilimwezesha mtu kuchukua fedha ya bandari bila kuiacha nyumba yake. Katikati ya miaka ya 1950, wasimamizi wa bandari walipokaza utaratibu, asiyetimiza siku zilizotakiwa alifutwa kwenye orodha. Hivyo mwanamume aliyejigawa baina ya gati na shamba ili awe karibu na watoto wake alihukumiwa kuwa si mfanyakazi wa kweli. Ukisoma malalamiko hayo ya maofisa kinyumenyume, unapata picha ya baba anayewajibika.

Kulikuwa na njia nyingine pia: mgomo. Mgomo wa Mombasa wa mwaka 1939 ulidai, pamoja na mengine, posho ya nyumba. Januari 1947 watu wapatao 15,000, wa bandari, reli, mahoteli na hata watumishi wa majumbani, waliacha kazi kwa karibu wiki mbili na kukutana kila siku kwenye uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia aliyewaongoza wafanyakazi hao kupitia shirikisho lao alikamatwa mwaka huohuo na kupelekwa uhamishoni Baringo. Baraza la usuluhishi la mgomo huo liliongozwa na Jaji Ransley Thacker, yuleyule ambaye baadaye alimhukumu Kenyatta huko Kapenguria, na hata hilo lilikubali kuwa mishahara lazima ipande. Mwaka 1954 kamati ya mishahara ya Waafrika chini ya Carpenter ilikiri wazi kilichojulikana siku zote katika mitaa ya Majengo na Pumwani: takriban nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni binafsi, na robo ya walioajiriwa na serikali, walipata mshahara usiomtosha hata mtu asiye na familia. Kamati ilipendekeza mshahara wa kapera uachwe hatua kwa hatua, na kima cha chini kihesabiwe kwa mtu mwenye mke na watoto.

Yupo atakayesema kwamba nawapamba wanaume hawa, kwa kuwa wapo waliokunywa mshahara, walioanzisha nyumba ya pili mjini wakaisahau ya kwanza, na wengine wasioandika barua wala kutuma hata shilingi. Ni kweli, na waliotelekezwa hawahitaji kufundishwa uchungu huo na mwanahistoria. Lakini jambo hilo linaipa nguvu hoja yangu. Mpango uliomweka mwanamume mbali na kwao miezi kumi na moja kwa mwaka ulifanya kutoroka kuwa rahisi na kubaki kuwa kazi. Aliyebaki, aliyelipa karo na kusafiri daraja la tatu kila likizo, alichagua, na uchaguzi una thamani kwa sababu njia ya pili ilikuwepo. Mwingine atasema mishahara ilipanda kwa sababu serikali yenyewe ilitaka wafanyakazi wanaotulia mahali pamoja. Nakubali kwamba ilitaka hivyo, na kwamba mshahara wa familia ulimfanya mke aonekane mtu wa kulishwa tu, wakati ndiye aliyekuwa akilisha. Ila serikali haikuanza kulitaka jambo hilo kabla ya gati kusimama na meli kukaa nje zikisubiri.

Wazee wa kizazi hicho wamebaki wachache. Anayeandika wasifu wa mmoja wao aulize mambo ambayo fomu haiulizi: alilala wapi na watu wangapi, alilipwa ngapi mwaka wa kwanza, alituma nini nyumbani na kwa mkono wa nani, katika mgomo wa 1947 alikuwa upande gani, na mkewe alilima ekari ngapi alipokuwa hayupo. Kipande, kadi ya chama cha wafanyakazi na barua zilizomo sandukuni visichomwe baada ya matanga. Vihifadhiwe, na vinavyosomeka visomwe mbele ya wajukuu pamoja na huo wasifu.