Kitufe kisipoitika: Tumetafsiri nomino za tarakilishi tukasahau vitenzi

ALASIRI moja mpwa wangu anayeishi Salaita, kando ya barabara ya kutoka Voi kwenda Taveta, alinipigia simu akihema. Alikuwa amejaza fomu ya kuomba basari kwenye tovuti ya ofisi moja. Makataa yalikuwa saa kumi na moja jioni, na wakati huo ilikuwa saa tisa na nusu. Jina, nambari ya mtihani, nakala ya cheti. Vyote alikuwa ameviweka. Kilichobaki kilikuwa kitufe cha mwisho, kile cha kuwasilisha.

"Mjomba, hii kitu imekataa," akasema.

"Imekataa vipi?"

"Imekataa tu. Nimefinya mpaka kidole kinauma."

Nilimuuliza maswali matatu au manne, naye akanijibu yote kwa kitenzi kile kile: imekataa. Nami nilikuwa mbali, sioni skrini yake. Nilichokuwa nacho ni maneno yake tu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kabla ya kuwa na tatizo la simu tulikuwa na tatizo la lugha. Yeye alijua jina la kila kitu kilichokuwa mbele yake: skrini, fomu, kitufe, menyu. Hakuwa na neno la kueleza kile ambacho kitufe kilikuwa kinafanya, au hakifanyi.

Upungufu huu una historia yake, na si historia ndefu.

Kipanya, kifaa kilichotufundisha kuelekeza na kubofya, kilionyeshwa hadharani na Douglas Engelbart jijini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Vitufe vya kuchorwa kwenye skrini vilifuata baadaye. Mwaka 1987 kampuni ya Apple ilitoa programu iitwayo HyperCard, iliyobuniwa na Bill Atkinson, na kwa mara ya kwanza watu wengi wasio wahandisi wakaweza kuchora kitufe chao wenyewe na kukiandikia skripti, yaani amri fupi za kukiambia kifanye nini kinapobofywa. Kitufe ambacho hakikuandikiwa chochote kilionekana sawa na vingine. Ulikibofya, kikanyamaza. Kuanzia hapo sura ya kitufe na kazi ya kitufe vikawa vitu viwili mbalimbali vinavyoweza kutengana.

Mwaka 1995 Brendan Eich wa kampuni ya Netscape aliunda lugha ya skripti ya kuendeshea kurasa za wavuti, na inasimuliwa sana kwamba aliiandika kwa siku kumi tu. Mwishoni mwa mwaka huo ikapewa jina JavaScript. Leo karibu kila fomu tunayoijaza mtandaoni inategemea lugha hiyo. Kitufe unachokiona ni picha na maandishi. Nyuma yake kuna skripti iliyotegesha sikio, ikingoja kuambiwa kwamba kimebofywa. Waundaprogramu wenyewe huiita sehemu hiyo msikilizaji.

Kiswahili kiliingia katika mambo haya rasmi mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi ulioitwa Kilinux, ukiendeshwa kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Uswidi. Mwezi Desemba mwaka huo mradi ukatoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisini ambazo menyu zake zilisomeka kwa Kiswahili. Mwaka huo huo kampuni ya Microsoft nayo ikatangaza mpango wa kuzitia programu zake Kiswahili. Wataalamu wa lugha wakakaa na waundaprogramu, wakatafuta maneno.

Nao walifanya kazi ya kusifiwa. Hawakukimbilia kukopa kila kitu. Walichukua 'tufe', mviringo kama ule unaorushwa na wanariadha, tukapata 'kitufe', tofauti na kifungo cha shati. Walikiendea kitenzi 'bofya', ambacho watu walikitumia kwa kuminya kitu kwa vidole, mathalan kupima kama embe limeiva, wakakipa kazi mpya. 'Kuvinjari', yaani kuzungukazunguka ukikagua, kukazaa 'kivinjari'. Kweli, bado tunavutana: shuleni Kenya twafunza 'tarakilishi' ilhali jirani zetu wa Tanzania wanasema 'kompyuta', na mitaani wengi bado wanasema kufinya au kubonyeza. Mvutano huo haudhuru. Jambo kubwa ni kwamba vitu vilipata majina.

Lakini hebu tufikirie jinsi programu inavyotafsiriwa. Mtafsiri hapewi programu. Anapewa orodha ya maneno na sentensi ambazo programu huonyesha kwenye skrini: Fungua, Hifadhi, Chapisha, Je, una hakika unataka kufuta faili hii? Kila kinachosemwa na programu kimo katika orodha hiyo. Kisichosemwa hakimo. Na kitufe kilichokufa hakisemi kitu. Kimya hakina mstari wake katika orodha, kwa hiyo hakuna aliyeombwa kukitafutia neno.

Kimya chenyewe nacho kiliongezeka na miaka. Vivinjari vya zamani vilikuwa na tabia ya kuchomoza kidirisha cha onyo kila skripti ilipokosea. Vidirisha vile viliwakera watu, na wengi hawakuelewa vilisema nini. Baadaye maonyo hayo yakahamishiwa mahali maalum ambapo waundaprogramu huyasoma, mbali na macho ya mtumiaji wa kawaida. Skripti inaweza kukosea mara kumi kwenye ukurasa mmoja, na mtu aliye Salaita na simu yake ndogo asione dalili yoyote ila kitufe kisichomjali.

Basi akasema imekataa. Ni neno tulilozoea kulitupia kila chombo: gari limekataa kuwaka, pampu imekataa kuvuta maji, redio imekataa. Vijana husema imehangi au imejamu. Sina ugomvi na maneno hayo katika mazungumzo. Kasoro yake ni kwamba yanatia mambo mengi katika kapu moja, na fundi hawezi kutibu kapu.

Ilhali Kiswahili kimetajirika mno upande wa vitenzi. Chukua kauli ya kutendeka, ambayo wanafunzi huikariri darasani bila kujua ina faida gani. 'Bofya' hutoa 'bofywa' na 'bofyeka'. Ukisema kitufe kimebofywa, unaeleza kwamba kuna mtu aliyekibofya. Ukisema kitufe hakibofyeki, unaeleza hali ya kitufe chenyewe, kama tusemavyo mlango haufunguki au barabara haipitiki wakati wa mvua. Sasa weka kando ya hicho kitenzi 'itika'. Kitufe kinaweza kubofyeka vizuri, kikazama kidogo au kikabadili rangi chini ya kidole, na bado kisiitike. Hizo ni hitilafu mbili tofauti, na tiba zake hazifanani.

Tuchukue mfano wa kupiga hodi. Kubofya ni kubisha hodi. Skripti ndiyo mwenye nyumba. Usipofunguliwa, sababu zaweza kuwa nne.

Ya kwanza, mlango umetiwa kufuli makusudi. Kitufe kimefifia, rangi yake imepauka kuliko ya wenzake, na hakibofyeki. Hapa hakuna ubovu. Skripti inangoja ukamilishe jambo fulani: hujatia alama kwenye kisanduku cha kukubali masharti, au nambari ya simu imepungua tarakimu moja. Rudi juu ukague fomu.

Ya pili, nyumba haina mtu. Kitufe kina rangi yake kamili, kinabofyeka, lakini hakiitiki. Huenda skripti ilikosea katika mstari wa mwanzo ikakatika papo hapo, kwa hiyo mistari ya chini iliyokuwa imtegeshe msikilizaji haikufikiwa kamwe. Au mtandao ulikatika ukurasa ukiwa nusu, picha zikafika na skripti ikabaki njiani. Pakia ukurasa upya, au jaribu kivinjari kingine. Ila kwanza nakili ulichoandika, kwa maana kupakia upya huweza kuifuta fomu nzima.

Ya tatu, mwenyeji yumo ila ameshikwa na kazi. Ukurasa wote umeganda. Huwezi hata kuusogeza juu au chini. Kwa kawaida skripti ya ukurasa hufanya jambo moja kwa wakati mmoja, na mibofyo yako inapanga foleni nyuma ya kazi ndefu inayoendelea. Hapa dawa ni subira. Ukibofya mara ishirini, foleni inaweza kuachiliwa kwa pamoja baadaye, na fomu moja ikawasilishwa mara kadhaa.

Ya nne, unabisha ukutani. Kitufe unakiona, lakini kimefunikwa na utando ambao huutambui, na kidole chako kinagusa utando, hakigusi kitufe. Tangazo la kuki, dirisha la ujumbe lisilofungika, au kivuli kilichotandazwa juu ya ukurasa: haya ndiyo mafuniko ya kawaida.

Kufifia, kutoitika, kuganda, kufunikwa. Hakuna hata kimoja ambacho ni istilahi ngeni. Bibi yangu angevielewa vyote vinne bila kuona tarakilishi maishani mwake.

Wakaazi wa Salaita wana sababu yao ya kuyaelewa haya. Kilima kinachobeba jina hilo kilishikwa na wanajeshi wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, baada ya kuiteka Taveta Agosti 1914. Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Uingereza, yakiwemo ya Afrika Kusini, yalikishambulia. Mizinga ilimwaga mabomu kwenye kilele, ambako mahandaki yalionekana waziwazi. Lakini watetezi hawakuwa kileleni. Walikuwa wamejichimbia chini, karibu na mguu wa kilima, wamefichwa na vichaka. Askari wa miguu waliposonga mbele wakidhani kazi imekwisha, walipokewa kwa risasi kutoka mahali wasipopatazamia, wakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts, aliyekuwa amechukua uongozi, hakutegemea tena kukivamia kilima uso kwa uso. Alizungusha jeshi upande wa Ziwa Chala, na Wajerumani wakakiacha kilima wenyewe.

Sikusudii kulinganisha damu ya watu na fomu ya basari. Funzo ninalolichukua ni dogo: mabomu zaidi hayakuwa na faida maadamu hakuna aliyekuwa ameuliza watetezi wako wapi hasa. Mpwa wangu naye alikuwa anakipiga kilele. Alifinya kitufe kwa sababu kitufe ndicho alichokiona.

Turudi kwenye simu. Nilimwambia aache kufinya kwanza. Nikamuuliza, "Ukikigusa, kinazama au kinabadili rangi?"

"La, hakifanyi kitu."

"Je, kimefifia kuliko vitufe vingine?"

Akanyamaza kidogo akitazama. "Mjomba, si kitufe peke yake. Ukurasa mzima uko na kiza kiza, kama umewekewa pazia."

"Unasogea juu na chini?"

"Unasogea."

Hapo tukapata tulichokitafuta. Ukurasa haukuwa umeganda, kwa kuwa ulisogea. Kitufe hakikufifia peke yake. Kulikuwa na utando juu ya vyote. Nikamwambia alaze simu upande kisha apunguze ukubwa wa maandishi kwa vidole viwili. Chini kabisa, nje ya upana wa skrini yake ndogo, kukajitokeza ukanda wa tangazo la kuki uliokuwa ukingoja akubali. Aliugusa, kiza kikaondoka, akabofya kitufe, kikaitika. Ilikuwa saa kumi kasorobo.

Lawama kubwa ni ya aliyeunda ukurasa ule bila kuufikiria mtu mwenye simu ndogo. Hata hivyo, sisi walimu na waandishi wa Kiswahili tuna deni letu. Vitabu vyetu vya msamiati wa tarakilishi vimejaa nomino: kipanya, kibodi, kitufe, kivinjari, kiolesura. Mwanafunzi akizihesabu anapata alama zake. Tumfundishe pia kusema kitufe hakibofyeki, kitufe hakiitiki, ukurasa umeganda, fomu imefunikwa. Tumpe mazoezi ya kueleza hitilafu kwa mtu asiyeiona, jinsi tunavyompa mazoezi ya kuandika insha na barua rasmi.

Huduma nyingi za wananchi sasa zimehamia mtandaoni, na kwa aliye mbali na Voi au Mwatate msaada ulio karibu zaidi mara nyingi ni sauti ya mtu kwenye simu. Sauti hiyo inaweza kusaidia kadiri maneno yanavyoiruhusu. Siku ile maneno manne ya kawaida yaliokoa basari ya mtoto, na yote yalikuwamo katika lugha yetu tangu zamani.