Hali ya hewa ya Tenerife
Tenerife ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Visiwa vya Kanari, eneo la Hispania lililoko Bahari ya Atlantiki, nyuzi 28 kaskazini mwa ikweta. Sahara iko ng'ambo tu ya maji, ila mkondo wa bahari wenye maji baridi na upepo wa kaskazini-mashariki hukipoza kisiwa. Mjini Santa Cruz wastani wa joto ni takriban sentigredi 18 mwezi Januari na 25 Agosti. Maji ya bahari huwa kati ya 19 na 23 hivi. Aliyezoea kuogelea Unguja atatetemeka hata wakati wa kiangazi.

Upepo huo, wenyeji huuita alisio, haupishani na mwingine kama kaskazi na kusi za pwani ya Afrika Mashariki. Huvuma kutoka upande uleule sehemu kubwa ya mwaka, na kiangazi ndipo hushika kasi. Ukikutana na miteremko ya kaskazini, hupanda, mvuke ukapoa na kuwa mawingu. Hewa kavu yenye joto iliyo juu huyazuia yasipande zaidi, yakatanda kati ya mita 600 na 1,800 hivi, huku kilele cha Teide (mita 3,715) kikiota jua. Msituni Anaga majani huyanasa matone ya ukungu, yakadondoka ardhini hata siku isiyo na mvua.

Kwa hiyo anayepanga safari achague upande kabla ya kuchagua mwezi. Kaskazini, karibu na Puerto de la Cruz, ni kijani na migomba hustawi. Kusini, kwenye hoteli za Los Cristianos na Playa de las Américas, ni pakavu. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 200. Uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kaskazini, uko kwenye kimo cha mawingu. Ukungu wake ulichangia ajali ya tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili zilipogongana na watu 583 kufariki. Uwanja wa kusini ulifunguliwa mwaka uliofuata.

Mvua huja zaidi kati ya Novemba na Machi, na Teide hupata theluji. Mara kwa mara upepo hugeuka ukatoka Sahara na vumbi, hali iitwayo calima. Mwezi Februari 2020 vumbi hilo lilifunga viwanja vya ndege vya visiwa hivyo.