Mstari wa 1886 na Hatima Mbili za Igikuria

Tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana Afrika ya Mashariki. Mstari wao ulianzia mlango wa Mto Umba, ukapita kaskazini mwa Kilimanjaro, ukafika pale ambapo latitudo ya digrii 1 kusini inakutana na ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Wakuria hawakuulizwa. Leo mstari huo unatenganisha Sirari na Isebania, ilhali Abanyabasi na Abairege wanaishi pande zote mbili.

Tukitaja wingi wa lugha barani Afrika, wengi wetu huitazama Nigeria na mamia ya lugha zake. Mkoa wa Mara pekee ungetosha kuwa darasa. Hapa wapo Wakuria, Wangoreme, Waikoma, Wazanaki, Wajita na wengineo wa lugha za Kibantu. Rorya, iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007, ni nchi ya Wajaluo, na Serengeti wapo Watatoga; hawa wote wawili ni Waniloti. Igikuria chenyewe kina irabu saba, Kiswahili tano. Hata jina lake ni somo: kiambishi ki- hugeuka gi- kinapofuatwa na k, kama katika Gikuyu. Katika Ekegusii, ambako inafuata g, k inabaki.

Baada ya uhuru lugha hii moja ilipata hatima mbili. Kenya iliendelea kuhesabu makabila. Sensa ya 2019 iliandikisha Wakuria zaidi ya 300,000, na ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaka dola ikuze na kulinda lugha za wenyeji. Hesabu hiyo ina gharama yake, kwa kuwa kabila lililohesabiwa hugeuka haraka kuwa mtaji wa kura. Tanzania iliuliza kabila kwa mara ya mwisho katika sensa ya 1967, mwaka ule ule lilipoundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwalimu Nyerere, Mzanaki kutoka Butiama, alichagua lugha isiyo ya kabila lake wala la jirani yake. Nautetea uchaguzi huo bila kusita.

Ninachokikataa ni hitimisho tulilolifikia baadaye, kwamba lugha za makabila ni mbegu ya mfarakano, hivyo heri zinyamaziwe. Tarime inalikanusha. Mapigano yaliyoitia wilaya hii doa, na kuchangia kuundwa kwa Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Tarime na Rorya, mara nyingi yamekuwa baina ya koo za Kikuria zinazozungumza lugha moja. Waligombea ardhi na ng'ombe. Lugha ya pamoja haikuwazuia, na lugha tofauti haikuwachochea.

Sera ya Utamaduni ya 1997 ilikwisha kulitambua hili. Inaziruhusu jamii kujivunia lugha zao, na inahimiza watu binafsi na mashirika kuzitafiti, kuziandikia kamusi na kuzihifadhi. Ni maneno mema, lakini kazi imeachiwa wenye hiari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Mradi wa Lugha za Tanzania, kilitoa atlasi ya lugha hizo mwaka 2009. Atlasi yatuonyesha lugha ilipo; haimsaidii bibi mwenye Kiswahili cha kuungaunga anayemweleza tabibu maumivu yake, au anayesimama shahidi mbele ya hakimu aliyehamishiwa Tarime kutoka mkoa wa mbali. Hapo mkalimani huwa mjukuu, au yeyote aliye karibu. Kosa dogo la tafsiri laweza kumnyima mtu dawa, au shamba.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu mambo mawili. Halmashauri ziwe na orodha ya wakalimani wanaotambuliwa, na walimu wa madarasa ya awali waruhusiwe kuitumia lugha ya nyumbani kama ngazi ya kupandia Kiswahili. Nanyi wanafunzi wangu mnaotoka Mara, andikeni tasnifu zenu juu ya lugha za mama zenu wakati wazee wangalipo. Kiswahili kimekwisha kushinda katika nchi hii, na mshindi hana sababu ya kuwaogopa ndugu zake.