AHADI BILA AKIBA: KUINUKA NA KUANGUKA KWA STUDEBAKER NA HATIMA YA PENSHENI ZA WAFANYAKAZI WA SOUTH BEND, 1852–1974

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kuinuka na kuanguka kwa Studebaker, kampuni ya Marekani iliyoanza kama karakana ya wahunzi mwaka 1852 na kuacha kuunda magari mwaka 1966. Inahojiwa kwamba ushindani wa makampuni makubwa unaeleza kwa nini kiwanda kilifungwa, lakini hauelezi kwa nini mzigo wa kufungwa huko uliwaangukia zaidi wafanyakazi wa umri wa kati. Jibu la swali hilo linapatikana katika mazoea ya kampuni ya kulipia utulivu wa leo kwa fedha za kesho.

1.0 Utangulizi

Historia za makampuni ya magari yaliyokufa huandikwa kwa kawaida kama historia za bidhaa. Mwanahistoria huuliza ni gari gani lilipendwa, ni lipi lilikataliwa na wateja, na ni kiongozi gani alikosea. Kwa upande wa Studebaker, mkabala huo umezaa maelezo matatu yanayojulikana: kampuni ilikuwa ndogo mno kushindana na General Motors, Ford na Chrysler, gharama zake za uzalishaji zilikuwa kubwa, na viongozi wake walichelewa kuwekeza katika mitambo mipya. Maelezo yote matatu yana ukweli.

Hata hivyo, maelezo hayo huishia pale mtambo unapozimwa. Hayagusi swali la nani alilipa gharama ya kuanguka huko, na kwa kanuni gani. Katika mji wa South Bend, jimbo la Indiana, swali hilo lilikuwa na majibu yanayohesabika: wapo waliopata pensheni kamili, wapo waliopata sehemu ndogo, na wapo ambao hawakupata chochote. Sehemu zinazofuata zinafuatilia jinsi mgawanyo huo ulivyoandaliwa na historia ya kampuni yenyewe.

2.0 Kutoka Karakana ya Wahunzi hadi Kiwanda cha Magari

Mnamo Februari 1852, ndugu wawili, Henry na Clement Studebaker, walifungua karakana ya uhunzi mjini South Bend wakiwa na mtaji wa dola 68. Ndugu yao, John Mohler, alikuwa amevutiwa na habari za dhahabu ya California. Huko, katika mji wa Placerville, hakutajirika kwa kuchimba dhahabu bali kwa kuwaundia wachimbaji matoroli. Alirejea mwaka 1858 akiwa na takribani dola 8,000, akanunua sehemu ya Henry. Mtaji huo, pamoja na zabuni za jeshi la serikali ya Muungano wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, uliigeuza karakana kuwa kiwanda. Kufikia mwisho wa karne ya 19, Studebaker ilikuwa miongoni mwa waundaji wakubwa zaidi duniani wa magari ya kukokotwa na farasi.

Jambo lisilo la kawaida ni kwamba kampuni hii ilivuka salama mpito uliowaangamiza wenzake wengi. Ilianza kuuza magari ya umeme mwaka 1902 na ya petroli mwaka 1904. Kwa kuichukua kampuni ya E-M-F ya Detroit, ilipata viwanda na uzoefu wa kuunda magari kwa wingi, na mwaka 1911 ikasajiliwa upya kama Studebaker Corporation. Kufikia mwaka 1920 ilikuwa imeachana na magari ya farasi, na uzalishaji wa magari ukaanza kuhamishiwa South Bend. Tangu hapo mji na kampuni vikafungamana: kiwanda kilipostawi, mji ulistawi, na kilipoyumba, mji uliyumba pamoja nacho.

3.0 Gawio, Ufilisi na Ufufuo

Tukio la kwanza lililodhihirisha udhaifu wa kampuni lilitokea chini ya Albert Erskine, aliyekuwa rais wake tangu mwaka 1915. Mdororo Mkuu wa uchumi ulipoanza, Erskine aliamini kwamba ungepita haraka. Aliendelea kuwalipa wanahisa gawio kubwa ilhali mauzo yalikuwa yakiporomoka. Mwaka 1930 gawio lilizidi faida halisi ya mwaka huo mara kadhaa. Tofauti ilitoka katika akiba. Imani ya wanahisa ilinunuliwa kwa fedha ambazo kampuni ingezihitaji baadaye ili iendelee kuishi.

Mnamo Machi 1933 Studebaker iliwekwa chini ya wasimamizi walioteuliwa na mahakama. Erskine alijiua Julai mwaka huohuo. Paul Hoffman na Harold Vance, waliopewa jukumu la kuiokoa, waliendeleza uzalishaji na kuirejesha kampuni katika hali ya kujitegemea mwaka 1935. Gari la Champion la mwaka 1939, jepesi na lenye kutumia mafuta kidogo, liliipa nafasi mpya sokoni. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika, kampuni iliunda injini za ndege za kivita na karibu malori 200,000 ya aina ya US6, ambayo mengi yake yalipelekwa Umoja wa Kisovieti kama sehemu ya misaada ya kivita ya Marekani.

Ufufuo huu ulikuwa na sura ya kijamii. Uongozi ulikubali kufanya kazi na Chama cha Wafanyakazi wa Magari (UAW), tawi namba 5, na kwa muda mrefu kiwanda kilijulikana kwa kutokuwa na migomo mikubwa. Matangazo ya kampuni yaliwaonyesha baba na mwana wakifanya kazi bega kwa bega. Picha hiyo haikuwa ya uongo, kwani familia nyingi za South Bend zilirithishana ajira hiyo. Lakini amani hiyo ilikuwa na bei. Kanuni za kazi zilikuwa legevu, mishahara ilikuwa ya juu, na uongozi ulipendelea kuridhia madai kuliko kusimamisha uzalishaji.

4.0 Kilele na Mteremko, 1946–1963

Baada ya vita, wateja walikuwa na kiu ya magari na karibu kila lililoundwa liliuzwa. Studebaker iliwatangulia washindani wakubwa kwa kutoa magari yenye umbo jipya kabisa mwaka 1946, na mwaka 1950 uzalishaji wake ulizidi magari 300,000. Katika mazingira hayo gharama kubwa hazikuonekana, kwa kuwa ziliingizwa katika bei. Aidha, majengo mengi ya kiwanda yalikuwa ya zamani, na faida ya miaka hiyo haikutumika ipasavyo kuyafanya ya kisasa.

Mambo yaligeuka mwaka 1953. Ford na Chevrolet ziliingia katika ushindani mkali wa kuuza kwa wingi na kwa bei nafuu. Studebaker nayo ilikuwa imetoa gari la milango miwili lililosifiwa kwa umbo lake, lakini ilikosea makadirio: iliandaa magari mengi ya familia ilhali wateja walitaka lile la milango miwili. Mnamo Agosti 1954 wafanyakazi walipiga kura kukubali kupunguziwa mishahara. Oktoba mwaka huo kampuni iliungana na Packard ya Detroit. Ni baada ya muungano ndipo uongozi wa Packard ulipobaini kwamba Studebaker ilihitaji kuuza magari yapatayo 282,000 kwa mwaka ili isipate hasara, wakati mauzo yake yalikuwa chini ya nusu ya idadi hiyo. Jina la Packard lenyewe lilitoweka mwaka 1958.

Gari dogo la Lark, lililotolewa kwa mwaka wa modeli wa 1959, lilileta faida ya zaidi ya dola milioni 28. Faida hiyo haikudumu, kwa sababu makampuni makubwa matatu yalileta magari yao madogo katika vuli ya mwaka huohuo. Sherwood Egbert, aliyechukua urais mwaka 1961, alijaribu kuamsha soko kwa Avanti, gari la kifahari lenye bodi ya faibaglasi. Wakati huohuo, bodi ya wakurugenzi ilikuwa ikinunua biashara nyingine zisizohusiana na magari. Kuanzia hapo, uhai wa kampuni na uhai wa kiwanda cha South Bend havikuwa tena kitu kimoja.

5.0 Kugawana Kilichobaki

Tarehe 9 Desemba 1963 kampuni ilitangaza kwamba uzalishaji wa magari South Bend ungekoma. Gari la mwisho lilitoka kiwandani kabla ya Krismasi. Uzalishaji mdogo uliendelea Hamilton, nchini Kanada, hadi Machi 1966. Kampuni yenyewe haikufilisika. Iliendelea na shughuli zake nyingine.

Mpango wa pensheni ulioanzishwa mwaka 1950 kwa makubaliano na UAW ulikuwa umeongezewa mafao mara kadhaa. Kila nyongeza ilihesabu pia miaka ya kazi iliyokwishapita, ambayo haikuwa imechangiwa kwa kiwango kipya. Pengo hilo lilipangwa kuzibwa kidogokidogo kwa muda wa takribani miaka 30. Kwa kampuni yenye uhaba wa fedha, mafao ya uzeeni yalikuwa nyongeza ya mshahara iliyoweza kuahirishwa. Kwa chama, yalikuwa ushindi wa kuonyesha wanachama. Pande zote mbili zilijua kwamba mfuko haukuwa umejaa, na zote ziliegemeza matumaini juu ya kiwanda kuendelea kuwapo.

Mpango ulipovunjwa mwaka 1964, mkataba ulitoa utaratibu wa kipaumbele. Wastaafu, pamoja na wafanyakazi wenye umri wa miaka 60 au zaidi waliotumikia miaka 10, jumla yao wapatao 3,600, walipata pensheni kamili. Kundi hilo lilimaliza sehemu kubwa ya mfuko. Wafanyakazi wapatao 4,000 wenye umri kati ya miaka 40 na 59, ambao kwa masharti ya mpango walikwishajipatia haki ya pensheni, walilipwa kwa mkupuo takribani asilimia 15 ya thamani ya haki hiyo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na wa utumishi wao takribani miaka 23. Wengine wapatao 2,900 hawakupata kitu.

Ni muhimu kusisitiza kwamba hapakuwa na wizi. Kampuni ilikuwa imechangia kama mkataba ulivyotaka, na mkataba huohuo ulisema kwamba mafao yangelipwa kutoka katika mali ya mfuko pekee. Dhuluma, kama neno hilo linafaa, ilikuwa ndani ya sheria.

6.0 Kutoka South Bend hadi Bungeni

Kisa cha Studebaker mara nyingi hutajwa kama chanzo cha sheria ya pensheni ya Marekani ya mwaka 1974. Kauli hiyo inahitaji kuwekewa mipaka. Rais John F. Kennedy alikuwa ameunda kamati ya kuchunguza mifuko ya pensheni mwaka 1962, kabla ya kiwanda kufungwa. Kilichofanywa na UAW ni kuligeuza tukio la South Bend kuwa hoja ya kitaifa. Mwaka 1964 Seneta Vance Hartke wa Indiana aliwasilisha muswada wa bima ya pensheni, na muongo mzima ulipita kabla ya sheria kupatikana. Ilisainiwa na Rais Gerald Ford tarehe 2 Septemba 1974. Pamoja na mambo mengine, iliunda shirika la umma la kudhamini pensheni na kuweka masharti ya uchangiaji. Pia iliwafanya waajiri wanaovunja mipango yenye upungufu wawajibike kwa sehemu ya upungufu huo. Haikuwarudishia wafanyakazi wa Studebaker walichopoteza.

7.0 Hitimisho

Uchunguzi huu unaonyesha mwendelezo kati ya nyakati mbili ambazo kwa kawaida husimuliwa kando kando. Gawio la Erskine na nyongeza za pensheni za miaka ya 1950 yalikuwa maamuzi ya aina moja: kila moja lilituliza kundi lenye sauti kwa deni lililoachiwa wakati ujao. Tofauti ilikuwa katika mlipaji. Mwaka 1933 kampuni iliyumba lakini ikapewa muda wa kupona. Mwaka 1964 muda ulikuwa umekwisha, na deni likawafikia wale waliokuwa wazee mno kuanza upya na vijana mno kuhesabiwa miongoni mwa wastaafu. Kwa hiyo, historia ya chapa iliyotoweka haikamiliki kwa kuhesabu magari yaliyouzwa. Ni lazima ihesabu pia ahadi zilizotolewa, na akiba iliyokuwa nyuma ya kila ahadi.