Adb haioni simu yako? Kagua haya kabla hujakubali iflashiwe

Umetoka Murongo au Nkwenda mpaka Kayanga kumfuata fundi. Anachomeka simu kwenye kompyuta, haisomi. Unaambiwa: "Hii tuflashi tu."

Subiri kwanza. Ukiflashi simu, mara nyingi picha, meseji na namba zilizohifadhiwa kwenye simu zinafutika. Na mara nyingi simu ni nzima kabisa, kilichogoma ni waya au ruhusa.

Adb ni nini?
Ni programu ya bure ya Google inayowezesha kompyuta kuongea na simu ya Android. Mafundi wanaitumia kukagua simu, kuondoa programu sumbufu na kuokoa mafaili. Ukiandika *adb devices* kwenye kompyuta, jibu linalotoka linakuonyesha tatizo liko wapi.

1. Hakuna kitu kwenye orodha
Anza na waya. Waya wa kawaida wa USB una nyaya nne ndani: mbili za umeme, mbili za data. Baadhi ya waya za bei rahisi zina zile za umeme tu. Simu itaonyesha inachaji, lakini kompyuta haitaona kitu. Azima waya mwingine ambao umewahi kuhamishia picha.

Kisha angalia tundu la chaji. Vumbi la barabarani wakati wa kiangazi linajishindilia humo, waya hauingii mpaka mwisho. Zima simu, toa vumbi taratibu kwa kijiti cha meno. Usitumie sindano wala pini.

Bado? Badilisha tundu la USB kwenye kompyuta. Shusha menyu ya juu ya simu, gusa taarifa ya USB, uchague "File transfer" badala ya kuchaji tu.

2. USB debugging haijawashwa
Hii nayo inaacha orodha tupu. Fungua Settings, nenda About phone, gusa "Build number" mara 7. Kwenye baadhi ya simu iko ndani zaidi, chini ya Software information au Version. Menyu ya "Developer options" itatokea. Ingia humo, washa "USB debugging".

3. Inaandika "unauthorized"
Hapa waya ni mzima. Simu inasubiri ruhusa yako. Fungua loki, utaona swali kwenye kioo, gusa Allow. Swali halitokei? Rudi Developer options, gusa "Revoke USB debugging authorizations", chomoa waya, chomeka upya.

4. Inaandika "offline"
Mawasiliano yamekwama. Andika *adb kill-server*, halafu *adb start-server*. Ikigoma, zima na uwashe simu.

5. Kompyuta ya Windows haina draiva
Fungua Device Manager. Ukiona alama ya njano pembeni ya jina la simu, draiva inakosekana. Ipakue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza simu, au tumia ile ya Google. Usichukue draiva kwenye tovuti usiyoijua, unaweza kubeba virusi.

Ukiona neno "device" mbele ya namba ya utambulisho wa simu (serial number), kazi imekwisha. Simu inasoma.

Kioo kikiwa kimekufa
Hapa lazima ukweli usemwe: kama USB debugging haikuwashwa kabla, adb haitakusaidia, maana huwezi kugusa Allow. Badilisha kioo kwanza, ndipo uokoe picha. Mwambie fundi mapema kwamba unataka data, asije akaflashi.

Ukimaliza, zima
Kompyuta uliyoipa ruhusa inaweza kunakili mafaili na kuweka programu kwenye simu yako. Na simu hiyo hiyo ndiyo inayopokea pesa za kahawa na ada za watoto. Kwa hiyo kabla hujaondoka dukani, futa ruhusa kwa ile "Revoke", kisha zima USB debugging. Na namba ya siri ya pesa usimpe mtu yeyote, hata fundi. Kazi hii haiihitaji.